Kufuli la Orodha ya Watoto

Jumatatu, 22 Februari 1999

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na kompyuta yetu imerudi hapa Gisenyi kutoka Goma, ng’ambo ya mpaka, katikati ya mvua hiyo, imefunikwa plastiki kama mgonjwa. Ilikaa kwa fundi Jado wiki nzima. Bwana Karekezi, mkuu wa ofisi, alisimama nyuma ya kiti changu wakati Jado anaiwasha.

“Sasa iko na mot de passe,” mkuu akaniambia. “Mutu hawezi kuingia ovyo. Ni mi na we tu.”

Ndani yake kuna orodha ya watoto mia nne na kumi na wawili waliopotezana na watu wao wakati wa vita. Kila mtoto ana jina lake, mahali alipookotwa, alama ya mwilini, na yale machache anayokumbuka ya kwao. Mtu akija kusema “huyu ni wetu,” mwenzangu Cansilde humuuliza maswali, na majibu sahihi yamo humo kwenye orodha. Nimeyachapa yote mimi, Laurence, kwa vidole hivi.

Nilimuuliza Jado lile neno la siri linafungaje. Akacheka. “Inafunga, donc imefunga.”

Fundi wa mlango akikujibu hivyo utamfukuza. Kwa nini wa kompyuta tumwachie?

Alhamisi, 25 Februari

Nimemwomba Bwana Karekezi anipeleke kwenye mafunzo ya kompyuta Kigali. Amesema nafasi ni za wenye diploma. Mimi nina kidato cha nne cha Bukoba na cheti cha kupiga taipu.

Mchana nilimweleza Johnson, yule wa redio za mawasiliano katika shirika la jirani. Alikulia Uganda kama nilivyokulia mimi Karagwe, na sote wawili Kinyarwanda chetu huwachekesha watu, hivyo tunaonana kama ndugu. Akasema, “Dada, mambo hayo watu wanayatoa bure. Yako kwenye mtandao. Kazi ni kuyafikia tu.”

“Ninyi mna mtandao?” nikauliza.

“Tuna barua za kompyuta. Mara mbili kwa siku, simu ikikubali.”

Jumatatu, 1 Machi

Leo nimejifunza jambo ambalo bado silielewi vizuri. Kuna mashine mahali fulani Ulaya. Unaiandikia barua ya mstari mmoja, unataja ukurasa unaoutaka, nayo inausoma na kukutumia maneno yake kwa barua. Hakuna mtu. Ni mashine inajibu. Hailipishi, haiulizi diploma.

Johnson amenikubalia niandike kwa anwani yake saa ya chakula. Niliomba ukurasa wenye orodha ya masomo ya usalama wa kompyuta. Ngurumo ilipiga, simu ikakatika, sijui kama barua ilitoka.

Jumatano, 3 Machi

Hakuna kitu. Mvua.

Ijumaa, 5 Machi

Hakuna kitu. Johnson anasema nisichungulie mlangoni kwake kama anayedai.

Jumanne, 9 Machi

Imekuja! Kurasa kumi na nne kwa Kiingereza. Nimezichapisha nyuma ya fomu zilizoharibika, nikazibeba chini ya sweta nisizilowanishe. Nusu ya maneno hayamo kwenye kamusi yangu. Kuna neno lililonisumbua saa nzima, kisha nikagundua ni kifupisho tu.

Ijumaa, 12 Machi

Ukurasa wa tatu. Umeme hakuna.

Alhamisi, 18 Machi

Yamekuja masomo zaidi, na sita nimeyaweka. Mengine ni ya ovyo, yameandikwa na vijana wanaojisifu kwamba waliingia pasipo pao, wala hawafundishi. Nimeyachana. Lakini kuna mtu mmoja, sijui ni mwanamume au mwanamke, anaandika polepole kama mwalimu mzuri. Anasema kazi ya mlinzi wa kompyuta ni kujaribu kuvunja kufuli lake mwenyewe kabla mwizi hajafika. Halafu anaweka sharti kabla ya yote: usiguse mlango bila ruhusa ya mwenye nyumba, na ruhusa hiyo iwe kwenye karatasi.

Anasema pia kwamba watu hupoteza muda kuuliza nani ana ufunguo. Swali la kwanza ni hili: kitu chenyewe kina nakala ngapi, na ziko wapi?

Mtu huyo hanijui. Hajui kama kuna mji unaoitwa Gisenyi. Na ameketi siku ngapi sijui akaniandikia mimi. Nilipokuwa natoka, Johnson aliniuliza kwa nini natabasamu peke yangu.

Jumatano, 24 Machi

Nimetengeneza faili langu dogo la kujaribia, nimelifunga kwa neno la siri, kisha nikafuata somo hatua kwa hatua kwa penseli na karatasi. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu neno langu likajitokeza herufi kwa herufi: V, I, A, Z, I.

Ilinichukua muda wa kupika hivyo viazi vyenyewe.

Ijumaa, 26 Machi

Nimefanya kosa, na ninaliandika hapa kabla sijaanza kujidanganya. Saa ya chakula, ofisi tupu, niliichukua orodha ya watoto na kulitafuta neno lake la siri. Nalijua tayari, ni mimi na Bwana Karekezi tunaolijua. Nilitaka tu kuona kama hata mtu asiyelijua angelipata. Angelipata. Dakika ishirini.

Kufuli la Jado ni mlango uliochorwa ukutani.

Na sikuomba ruhusa. Somo nililisoma, nikaliruka. Sasa nikimwambia mkuu kwamba orodha haina kinga, itabidi nimwambie nimejuaje.

Nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu, 29 Machi

Sikumwambia.

Jumanne, 30 Machi

Nilisahau karatasi moja kwenye printa. Moja tu, lakini ndiyo yenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kuhusu kuvunja maneno ya siri. Bwana Karekezi alisoma Kiingereza kidogo huko Masisi, upande wa Kongo, kwa mapadri, na hicho kidogo kilimtosha.

Aliniita. Mlango akaufunga mwenyewe.

“We Laurence, hii papier ni ya nani?”

“Ni yangu, Bwana.”

“Mutu anasoma namna ya kuvunja, anatafuta nini?”

Nikamweleza. Nilianza mwisho, nikarudi mwanzo, nikamtaja Johnson, nikamtaja ile mashine ya Ulaya inayojibu barua. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia naongea kama mwongo. Mashine inajibu barua! Bure! Hata mimi ningekuwa yeye nisingeamini.

“Na orodha ya batoto, uliifungua bila mot de passe?”

Ningeweza kukataa. Nikasema ndiyo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alinyoosha mkono, nikampa ufunguo wa chumba cha kompyuta. “Hii province inatoka mu vita jana tu,” akasema. “Mi sina ruhusa ya kucheka na mambo kama hii. Utaandika kadi kwa mukono, mpaka nifikiri.”

Alhamisi, 1 Aprili

Kadi za mkono. Wino unachuruzika kwa unyevu.

Jumatano, 7 Aprili

Ofisi zimefungwa. Siku ya kuwakumbuka waliouawa mwaka 1994. Nimekaa na mama kimya.

Jumanne, 13 Aprili

Leo amekuja mtu kumchukua Ineza.

Ineza ana miaka kama tisa. Alipatikana kwenye njia ya Mudende miaka miwili iliyopita na hajawahi kuongea sana. Anashinda hapa ofisini, anamsaidia Cansilde kuosha vikombe, anasimama karibu na mlango, anatazama. Mtu huyo alijitambulisha kwa jina la Gakwaya, mjomba wake. Koti safi, barua ya utambulisho yenye mhuri, mkononi biskuti za mtoto. Nilikuwa kwenye meza ya pembeni na kadi zangu, nikasikia yote.

Cansilde aliuliza, naye akajibu bila kutafuta. Jina la baba: sawa. Jina la mama: sawa. Nyumba ilikuwaje? Ya bati, na mti wa parachichi uliopigwa na radi. Sawa. Alama ya mwilini? “Kovu, goti la kushoto, aliangukia jembe.”

Cansilde akafuta macho. “Eeh Mungu wangu! Bon, Ineza, njoo. Mujomba yako amefika.”

Ineza hakusogea. Alimtazama yule bwana kama anavyowatazama watu wote, kisha akarudi kwenye vikombe vyake.

“Amesahau,” Gakwaya akasema kwa upole. “Alikuwa mudogo.”

Walikubaliana aje kumchukua Jumatatu, karatasi zikiwa tayari.

Nilikuwa nimefurahi kama Cansilde, naapa. Kisha saa tisa alasiri mtoto alichuchumaa mbele yangu kuokota kijiko, sketi ikapanda kidogo, nikaliona kovu.

Goti la kulia.

Nilidhani nimechanganya, nikageuka nikakaa kama alivyokaa yeye. Kulia. Nilikwenda kwenye kabati la chuma nikaitoa kadi ya zamani, iliyoandikwa na Cansilde mwenyewe siku mtoto alipoletwa. Kovu, goti la kulia. Kadi iko sawa. Aliyeandika “kushoto” kwenye orodha ni mmoja tu duniani, ni mimi, nilipokuwa nachapa mapema Februari, na kosa hilo haliko mahali pengine popote isipokuwa ndani ya kompyuta.

Yule bwana hamkumbuki Ineza. Amesoma orodha yangu.

Jumatano, 14 Aprili

Sikulala vizuri, lakini nimeamka nikijua la kufanya, na hilo ni nusu ya nguvu. Nilimweleza kwanza Cansilde. Alipoliona goti na kadi pamoja alijifunika mdomo. Tukaingia wote wawili kwa Bwana Karekezi.

Alisikiliza hadi mwisho. Akaitazama kadi muda mrefu.

“Donc orodha imetoka.”

“Imetoka, Bwana.”

“Na mutu mumoja tu amekubali kwa mudomo yake kwamba aliifungua.” Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni, na hiyo ilinitisha zaidi. “Nikiita wenye usalama leo, Laurence, watamuchukua nani?”

Najua watu waliochukuliwa kwa maneno madogo kuliko hayo, wengine wakarudi baada ya miezi.

Cansilde ndiye aliyesema. “Patron, kama ni yeye aliuza, angekuja kutuonyesha kosa? Angenyamaza, mutoto aende.”

Mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba ilibidi nipaze sauti. Nikasema: “Nipe ruhusa, Bwana. Kwenye karatasi, na sahihi yako. Nitaifungua orodha mbele ya macho yako, uone ilivyo rahisi kwa yeyote. Ukishaona, twende pamoja kutafuta nakala nyingine iko wapi.”

“Kwa nini karatasi?”

“Kwa sababu mara ya kwanza sikuwa nayo. Nilikosa.”

Alichukua kalamu.

Alhamisi, 15 Aprili

Nilimwomba Bwana Karekezi abadilishe neno la siri mwenyewe, mimi nikiwa nje uani na Johnson. Tuliporudi, nilikaa. Karekezi kulia kwangu, Cansilde kushoto, Johnson mlangoni kama shahidi. Nikakosea hesabu, nikafuta, nikaanza upya. Dakika ishirini na sita. Nikaandika neno kwenye karatasi nikaigeuza kwake.

Lilikuwa jina la mke wake. Aliona aibu kidogo, Cansilde akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

“Na hii ulijifunza kwa barua,” mkuu akasema taratibu. “Kwa batu haujui.”

“Bure, Bwana.”

Ijumaa, 16 Aprili

Goma. Tulivuka kwa miguu kwenye barrière ndogo ya mpakani saa mbili asubuhi, katikati ya wanawake wa mboga na vikapu vyao, Bwana Karekezi na tai yake. Niliwaza njiani: kitu chenyewe kina nakala ngapi? Yetu ni moja. Lakini kompyuta ilikaa wiki nzima kwa mtu.

Jado alitukaribisha vizuri. Duka lake lina mashine mbili, moja ya kutengenezea, nyingine watu wanaikodi kuandika barua zao. Nilimuuliza alipotengeneza yetu alifanyaje kuhusu faili zetu.

“Niliweka copie kwanza, zisipotee. Ni kazi muzuri, hapana?”

“Ni kazi nzuri. Na baadaye uliifuta?”

Jado alianza kujibu, akageukia ile mashine ya kukodi.

Ilikuwamo. Iko kwenye mashine ya kukodi, na ni ile ya kabla ya kufuli, wazi kabisa, hata neno la siri haihitaji. Bwana Karekezi alitaka kuifungua palepale. Nikamshika mkono, mkuu wangu, nikamshika mkono! “Usiifungue kwanza, Bwana. Ukiifungua itaandika tarehe ya leo.” Nikaenda kwenye skrini nyeusi, nikaandika amri niliyoisoma kwenye somo la nne. Ikatoka tarehe ya mtu wa mwisho kuligusa faili: tarehe 10 Aprili. Jumamosi iliyopita. Wakati huo mimi sikuwa na ufunguo wa chochote, na sikuwa nimevuka mpaka tangu Januari. Kitambulisho changu cha kuvukia hakina mhuri wa siku hizo.

Jado alikumbuka. Mteja mmoja wa koti safi alikuja siku hiyo kuandika barua ya utambulisho, akachapisha karatasi nyingi. “Mi nilifikiri ni zake,” akasema, na macho yakamjaa machozi. “Batoto? Ni batoto bale? Mana yanjye, Mungu wangu.”

Tulivuka tena na Bwana Karekezi mpaka upande wetu. Pale akasimama, akatoa ufunguo mfukoni, akanipa. Akasema, “Nilikuonea.” Kisha akatangulia kutembea, haraka, nisimwone uso.

Jumatatu, 19 Aprili

Gakwaya alikuja saa tatu, na biskuti tena. Afisa wa wilaya alikuwa amekaa chumba cha nyuma.

Cansilde alimkaribisha kama kawaida. Sijui alipata wapi utulivu ule. “Bon, tunamaliza na maswali mbili. Hii kovu ya mutoto, iko goti gani?”

“Kushoto, si nilisema?”

“Ulisema. Ineza, musogelee. Muonyeshe.”

Mtoto alikuja akainua sketi hadi gotini. Yule bwana alitazama. Niliona namna uso unavyofungwa. Akaanza kusema juu ya zamani, giza, watoto wengi katika ukoo. Afisa akatoka chumba cha nyuma akaomba kuona mkoba wake.

Zilikuwamo karatasi tatu za orodha yetu. Majina saba yamepigwa mstari, wasichana wote, miaka tisa hadi kumi na mbili. Mmoja wao, Ineza, tulikuwa tumeanza kumwandikia karatasi za kuondoka. Baadaye afisa alituambia alichokiri: angewapeleka wakafanye kazi kwenye nyumba za watu mbali, wasijulikane tena.

Saba. Nilitoka nje, nikasimama kwenye mvua bila mwavuli, nikalia mpaka nikasikia njaa.

Jumanne, 20 Aprili

Nimelala saa kumi na moja mfululizo.

Jumatatu, 3 Mei

Sasa tuna utaratibu mpya, niliuandika mimi na Bwana Karekezi akausaini. Kwenye kompyuta yanabaki majina na mahali walipopatikana. Majibu yote yako kwenye kadi, kadi ziko kwenye kabati la chuma, ufunguo kwa Cansilde. Mashine ikienda kwa fundi, orodha haiendi nayo. Jado alivuka mwenyewe kutuonyesha kwamba amefuta, nami nikamwonyesha kwamba kufuta peke yake hakutoshi, na tukakaa mchana mzima tukifanya kazi pamoja. Ni mwanafunzi mzuri. Amebeba masomo yangu yote sita akayatoe fotokopi.

Kila mwisho wa mwezi nina ruhusa ya siku moja ya kujaribu kuvunja ofisi yetu. Bwana Karekezi anaiita siku ya mwizi wetu.

Jumatano, 12 Mei

Mvua inapungua. Viazi vinaonekana sokoni.

Ijumaa, 21 Mei

Tangazo la redioni limemleta mwanamke kutoka Bugeshi. Ametembea tangu alfajiri, matope hadi magotini, kitenge kimefungwa kwa kamba. Jina lake Mukamazimpaka. Anasema yeye ni dada wa mama yake Ineza, alikuwa upande wa Kongo wakati wote huu, alidhani hakubaki mtu.

Cansilde alitoa kadi kabatini akauliza. Mwanamke huyo alijibu mengine, mengine akasema hajui. Jina la baba alilijua. Mti wa radi hakuukumbuka, alisema labda ulipigwa yeye akiwa ameshaolewa na kuondoka. Kovu: “Goti. Gani sijui. Nilimubeba mugongoni siku ile, alikuwa anatoa damu kwenye kitenge yangu.” Cansilde alinitazama. Mtu asiyejua kila kitu, safari hii, hakunitia wasiwasi.

Ndipo Ineza, aliyekuwa mlangoni, akaweka kikombe chini. Akaja hadi mbele ya yule mama, akasimama wima kabisa. Sauti yake ni nzito kuliko nilivyodhani.

“Mbwa wetu alikuwa na miguu mingapi?”

Swali hilo halikuwa kwenye kadi. Halikuwa popote.

Mama yule akaweka mkono kifuani. “Mitatu,” akasema. “Na kuku walikuwa wanamukimbia vilevile.”

Ineza alifikiri kidogo. Kisha akaenda kuchukua sweta yake.